Mtani Asiyejuta

Kastori Gama hakuwa na gari, hakuwa na shamba kubwa, hakuwa na meno mawili ya mbele upande wa juu. Hakuwa na mke tangu Melania alipotangulia. Hakuwa na cheti cha shule ya mchana, kwa sababu alisoma jioni, katika darasa la watu wazima, mikono yake ikinuka grisi ya pampu za maji alizotengeneza kutwa nzima. Hakuwa na tabia ya kuomba. Hakuwa na kofia nyingine ila ile ya kijivu yenye ukingo uliochakaa. Hayo yote alikuwa ameyazoea, wala hayakumnyima usingizi. Lakini uzeeni aliambiwa na nchi ya mbali kwamba kuna kitu kingine alichopungukiwa, na kwamba bila kitu hicho hatapanda ndege.

Hakuwa na majuto.

Nchi yenyewe iliitwa Shirikisho la Visiwa vya Kaskazini. Watu wa Songea waliiita Kaskazini tu, kwa kufupisha. Huko ndiko alikolazwa Benitho Kikoti, Mhehe wa Iringa, aliyemfuata binti yake Yustina aliyeajiriwa huko kama muuguzi. Mapafu ya Benitho yalikuwa yamechoka. Madaktari walimwambia waziwazi kuwa hatauona mwisho wa baridi ile.

Kastori alikuwa Mngoni. Mababu wa Wangoni na mababu wa Wahehe walipigana vita vikali, na vita vilipokwisha wajukuu walibakiwa na utani. Mtani hakasirikiwi. Anakutukana mbele ya wakwe zako nawe unamkaribisha chakula. Na siku ya msiba mtani ndiye anayefanya kazi ambayo ndugu hawaiwezi: anawachekesha waliofiwa mpaka roho zao zinarudi mahali pao. Kastori na Benitho walikutana ujanani kwenye mtaro mmoja wa mabomba ya maji, huko Makambako, wakatukanana siku ya kwanza hadi jua likazama, na hawakuacha tena. Walikuwa na ahadi moja tu: atakayetangulia asizikwe kimya.

Jumapili moja mchana Yustina aliwaunganisha. Uso wa Benitho ukatokea kwenye kioo cha ukutani sebuleni kwa Kastori, umekonda, mpira wa hewa umepita puani.

"Wewe Mhehe," Kastori alianza, "bado hujafa tu? Kule Iringa mbwa wamezaliana tangu uondoke. Hawana tena wa kumwogopa."

Benitho alimkodolea macho. Hakucheka.

"Umesemaje?"

"Nimesema hicho kichwa chako kimekuwa kama kibuyu cha pombe kilichosahauliwa juani."

Midomo ya Benitho ilianza kutetemeka. "Kastori, unaumwa?"

"Naumwa nini?"

"Unaniambia, 'Ndugu mpendwa, nakutakia nafuu, wanyama wa nyumbani wanakukumbuka.' Sasa hivi umesema kichwa changu kinapendeza. Kwani nimeshafika huko? Nimekaribia kiasi hicho, mpaka Mngoni ananionea huruma?"

Kastori aligeuka akatazama nyuma yake, kana kwamba kuna mtu mwingine aliyezungumza. Ndipo Yustina alipoingiza uso wake kwenye kioo.

"Baba, samahani, ningekueleza mapema. Ni Chujio. Hospitali zote za huku zinalo. Neno lolote la kuumiza likija kwa mgonjwa linageuzwa kuwa la upole, kwa sauti ileile ya aliyesema. Hata midomo yako kwenye kioo inabadilishwa. Sisi wauguzi tu ndio tunaosikia ya asili."

"Lizime."

"Halizimwi. Ni sheria ya wodi."

"Mwambie basi wewe kwamba nimemtukana."

"Nimwambie babangu kuwa kichwa chake ni kibuyu? Mimi mtoto wake?" Yustina alitikisa kichwa. "Utanipa laana bure, baba."

Benitho alikuwa amesikia upande wa binti, akaelewa. Maneno ya mgonjwa hayakuchujwa, kwa hiyo aliyoyasema yalifika yote, mazima na machungu kama yalivyotoka. "Mngoni! Babu yako alitembea kwa miguu toka kusini kabisa, akachoka hapo Songea, akasema amefika. Nyinyi ni watu wa kuishia njiani. Safari hii maliza. Panda ndege uje unitukane kwa mdomo wako mwenyewe. Sitaki kuondoka nikibembelezwa kama kitoto kichanga."

"Nitakuja," Kastori alisema.

"Amesemaje?" Benitho alimwuliza binti yake kwa wasiwasi.

"Amesema atakuja. Hilo halikuguswa."

*

Kituo cha Safari kilikuwa jengo jeupe karibu na soko kuu. Juu ya mlango palikuwa na Jicho, kama mlango wa kila ofisi, kila duka na kila makaburi ya enzi hizo: kidude cheusi cha mviringo, kinaona, kinasikia, na kikitaka kinauliza. Kwenye benchi la kungojea Kastori alikaa karibu na mama mmoja wa makamo, mwenye kitenge kipya kilichokuwa bado na mikunjo ya dukani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Nawe unakwenda Kaskazini?"

"Kwa mwanangu. Nimeshapimwa, nimekuja kuchukua viza tu."

"Hongera sana. Kosa lako lilikuwa nini, kama si siri?"

Mama aliinamisha uso. "Vitumbua."

"Umeua mtu kwa vitumbua?"

Hakucheka. "Niliuza pale stendi bila kibali. Jicho likaninasa mara nyingi, likaandika. Nilikuwa kijana, mzee, sikuwa na adabu."

"Watoto wangekula nini, kama usingeuza?"

"Walikula hivyohivyo. Na shule wakasomea hivyohivyo, mpaka huyu wa Kaskazini akawa mhandisi." Sauti ilishuka, akawa anafuta mikono kwenye kitenge kana kwamba ina mafuta. "Nikikumbuka natamani ardhi ipasuke. Siku hizi nikisikia harufu ya mafuta ya moto nafunga dirisha. Jana mjukuu kaniletea kitumbua, anadhani atanifurahisha, nikampiga kofi. Sijawahi kumpiga yule mtoto."

Kastori alisogea karibu. "Aibu hii umeanza kuiona lini, mama?"

Alifikiri kwa dhati, kama mtu anayetafuta jina la jirani wa zamani.

"Jumanne," alisema.

Mlango ulifunguka, likaitwa jina la Gama.

Afisa alikuwa dada wa Kipare, Bi Tumsifu, mwenye sauti ya upole na miwani iliyokuwa ikimteleza puani. Alimkalisha Kastori kwenye kiti cha ngozi, akamvua kofia kwa heshima akaiweka mezani, akamvisha kichwani taji jepesi la nyaya.

"Mzee wangu, hiki ndicho Kipimo cha Majuto. Hakiumi. Kosa lako ni dogo, na Kaskazini hawana ugomvi na mwenye kosa dogo. Wanachotaka ni kujua kama umelijutia. Nisimulie lilivyokuwa, taratibu. Taa ikiwa kijani, nakugongea viza hapahapa."

"Na isipokuwa kijani?"

"Simulia kwanza, baba."

Kastori akasimulia.

Kosa lilitendeka Iringa, siku ya kumzika Sigfridi Kikoti, kaka mkubwa wa Benitho. Makaburi yale yaliendeshwa na kampuni ya watu wa mbali, nyasi zimekatwa sawasawa, Jicho juu ya mlingoti. Mjane wa Sigfridi alikuwa hajasema neno wala kula chochote tangu mumewe akate roho. Alikuwa amekaa tu, macho makavu, wanawake wenzake wakaanza kuogopa. Jeneza lilipofika kaburini Kastori akatokea amevaa koti la marehemu. Alichechemea kama Sigfridi alivyochechemea, akakohoa kikohozi chake kilekile cha kuudhi, akawauliza waombolezaji nani ameruhusu watu wengi hivi kukanyaga nyasi. Kisha akateremka kaburini, akalala chali, akakunja mikono kifuani.

"Pazuri hapa," alisema kutoka chini. "Pana ubaridi. Patamfaa Mngoni. Mhehe wenu kamtafutieni jiwe la kujiegemeza."

Halafu mjane akacheka. Alicheka kwa nguvu mpaka akaishiwa pumzi, na kicheko kikageuka kilio, kilio kile kikubwa kilichokuwa kimemkwama, na wanawake wakamshika, na baadaye siku ileile akala uji.

Hapo ndipo Jicho la mlingotini liliposema, kwa sauti ya adabu: "Mtu aliye kaburini, koti hilo ni mali yako?"

Mtu wa mahali pengine angeshtuka akajieleza. Kastori alikuwa kazini, na mtani akishtakiwa hakatai shitaka, analiongezea. "Si langu! Nimeiba, na kesho nitarudi kumwiba mjane!"

"Ndugu wa marehemu mnathibitisha?"

"Tunathibitisha!" Benitho alijibu huku machozi ya kicheko yakimtoka. "Mwizi huyu. Babu yake aliiba ng'ombe wa babu yangu. Mfungeni, na ugali msimpe!"

Watu walishikana mbavu. Mashine haikuwa na mbavu. Iliandika: wizi wa mali ya marehemu, kuzuia maziko, kudhalilisha maiti, mtuhumiwa amekiri, ndugu amethibitisha. Simu ya Kastori ikalia mfukoni mwa koti, ikimtaka akubali au akatae. Akiwa palepale kaburini, akiwa bado anachekwa, akabonyeza *Nakubali* ili mzaha usikatike. Walipokuja kutambua walichokifanya, habari ilikuwa imeshasambazwa kwa nchi zote zilizotia sahihi mkataba wa kupeana rekodi. Alikwenda kukata rufaa. Akasikilizishwa sauti yake mwenyewe ikisema "Nimeiba," na sauti ya Benitho ikisema "Mfungeni."

Hadithi ilikwisha. Bi Tumsifu alisogeza miwani, akatazama meza yenye mwanga.

"Mzee wangu, mashine inasema umefurahi."

"Inasema kweli."

"Ulipoanza kusimulia majuto yalikuwa sifuri. Ulipofika kwa mjane sindano imekwenda upande mwingine kabisa. Sijawahi kuiona huko."

"Binti yangu, unataka nijutie kitu gani? Yule mama alikuwa anakufa njaa ya huzuni."

"Sitaki mimi. Mimi nakuamini." Aliinamia droo, akatoa kichupa kidogo cha kahawia chenye kidondoshi cha raba. "Kwa wasiofikia kiwango, Kaskazini wametoa hii. Bure. Wengi wanaichukua."

Akamweleza. Kumbukumbu haikai kichwani kama picha iliyobandikwa ukutani. Kila inapoitwa inalainika, kama nta iliyoanikwa juani, kisha inakauka upya. Katika muda ule wa ulaini inaweza kupigwa muhuri mwingine. Kichupa kilikuwa na dawa mbili: moja ya kuongeza ulaini, na nyingine ya kuamsha sehemu ya ubongo inayohusika na aibu. Unaweka matone chini ya ulimi, unasimulia kosa lako kwa sauti, na habari inapokauka inakauka na aibu ndani yake.

"Hakuna kinachofutwa," Bi Tumsifu alisema. "Utakumbuka kila kitu. Ila hutakipenda tena."

"Kama mama wa vitumbua."

Bi Tumsifu alimrudishia kofia kwa mikono miwili. "Nenda nacho nyumbani, baba. Ukikubali, njoo kesho usimulie tena. Viza yako naiweka tayari. Ugonjwa wa rafiki yako nimeusoma kwenye maombi. Usichelewe."

*

Gaudensia, bintiye, alikuwa anachambua mchele uani aliposikia habari yote. Aliliweka chini sinia, akakichukua kichupa, akakielekeza kwenye mwanga.

"Haya ndiyo yanayokutoa jasho? Matone haya? Baba, umekunywa gongo ya Makambako ukapona."

"Gongo ilikuwa inanisahaulisha ya jana. Hii inataka ya maisha mazima."

"Inataka kitu kimoja. Kicheko kimoja cha msibani. Huko nyuma umechekesha misiba mingapi? Wape huo mmoja, uende."

"Dawa haichagui hivyo, mwanangu. Nikiona aibu kwa kulala kaburini kwa Sigfridi, unadhani nitaweza kusimama kando ya kitanda cha Benitho nimwambie kichwa chake kibuyu? Umesikia ya yule mama wa watu? Aliuza vitumbua tu, sasa anapiga watoto."

"Nimekusikia." Gaudensia alikaa kwenye kigoda karibu naye, na sauti yake ikabadilika. "Ila nikuulize, na usinijibu kwa hasira. Unataka kushinda, au unataka kufika?"

Kastori alitazama kichupa mkononi mwa bintiye.

"Kwa sababu mimi nakujua. Wewe ukiambiwa na mtu mwenye meza kwamba umekosa, uko radhi ufe umesimama. Lakini yule mzee kule hana muda wa kukungoja ushinde. Unadhani anataka matusi tu? Anataka uso wako. Anataka mkono wa kushika. Ukifika mpole, ukakaa kitandani pake ukalia kama watu wengine, utakuwa umefika. Atakufa anakuona."

Maneno hayo yaliingia. Kastori hakuwa mtu wa kujidanganya: aliona kwamba binti amesema jambo la haki, na kwamba sehemu fulani ya ukaidi wake ilikuwa kiburi tu. Alikichukua kichupa akaenda nacho ndani, ambako koti la Sigfridi lilining'inia nyuma ya mlango. Benitho alikataa kulichukua siku ile. Alisema mali iliyoshikwa na Mngoni hairudi kwa watu wa heshima.

Akalivaa. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akafungua kichupa, akavuta matone kwenye kidondoshi cha raba, akainua ulimi.

Kabla hajadondosha alitaka aione mara ya mwisho jinsi ilivyo. Akafumba macho: udongo mwekundu pande zote, mbingu ikiwa kipande cha mstatili juu yake, na kutoka juu, kicheko cha yule mama. Akajaribu kukisikia kama atakavyokisikia kesho. Kilekile, lakini kimekuwa kitu alichomtendea mjane, doa alilompaka siku ya mazishi ya mumewe. Na siku wakikutana Iringa, mama huyu akamwambia kama alivyozoea, "Mngoni wewe, siku ile uliniokoa," yeye atainamisha uso na kuomba radhi. Atamwomba radhi kwa sababu ya kumwokoa. Na mama atabaki na nini? Atarudi nyumbani akijiuliza kama ile siku alichekwa.

Hapo Kastori akafumbua macho. Kama aibu ingekuwa yake peke yake angeinywa. Alikuwa amekunywa mengi kwa ajili ya Benitho. Lakini kicheko kile hakikuwa chake. Kilikuwa cha mjane, na cha Benitho, na cha marehemu aliyekipata kabla ya kufunikwa. Hakuna aliyemtuma akakiuze.

Akakamua matone yakarudi ndani ya kichupa, akakifunga.

"Gaudensia!" aliita. "Niletee karatasi. Ya kweli, ya kuandikia kwa kalamu. Na bahasha."

"Karatasi ya nini?"

"Hilo Chujio lao linakaa kwenye simu. Sijasikia kwamba linafungua bahasha."

Aliandika mchana ule wote kwenye meza ya kulia, kwa mwandiko mkubwa wa darasa la jioni, herufi zimesimama wima kama askari. Gaudensia alipita nyuma yake na sinia la mchele, akasoma mstari mmoja begani kwake, akajikuta ameliweka sinia sakafuni.

*Mhehe,* barua ilisema, *nasikia unakufa. Nimefurahi, maana nilidhani hata hilo utaliacha nusu kama ulivyoacha ule mtaro wa Makambako, ukaenda kulala ukasema jua kali. Wamenikatalia kuja. Wanasema sijuti. Nimewaambia wakuulize wewe, maana ndiwe shahidi wangu, na ushahidi wa hicho kichwa chako cha kibuyu ndio ulionifunga. Ukifika huko mwambie Sigfridi koti lake linanibana kwapani.*

"Baba!" Gaudensia alisema, mkono mdomoni.

"Nyamaza, niko kazini."

*Sasa sikiliza. Uliahidiwa hutazikwa kimya. Yustina atafute mtu yeyote wa huko, mzungumzaji wa lugha yoyote, mwenye sauti kubwa. Ukurasa wa pili wa barua hii ausome kaburini kama ulivyo, hata kama haelewi neno. Kwa barua hii namfanya Mngoni. Sikuuliza rekodi yake, sikupima majuto yake. Kwetu mtu huingia hivyo.*

Gaudensia alicheka kwanza, kwa sauti ya mama yake. Kisha akakaa chini kando ya sinia akafuta macho kwa upindo wa kanga, na Kastori hakugeuka. Alikuwa ameanza ukurasa wa pili, na huo hakutaka mtu ausome kabla ya siku yake.

*

Asubuhi alipitia Kituo cha Safari. Alikiweka kichupa mezani kwa Bi Tumsifu, kikiwa kimejaa vilevile.

"Nimekurudishia, binti yangu. Andika kwamba mwombaji hajuti."

"Baba, nikiandika hivyo hutaomba tena. Mlango unafungwa moja kwa moja."

"Andika. Na pakiwa na nafasi andika kwamba akipata kaburi lingine atalala tena."

Bi Tumsifu aliandika. Alipomaliza alibaki ameshika kalamu. "Kwetu Upare nasi tuna watani," alisema, bila kumtazama. "Wachaga. Sijui kwa nini nimekuwa siwaoni siku hizi."

Posta ilikuwa upande wa pili wa barabara. Watu wachache tu walikuwa bado wanatuma barua za karatasi, na foleni ilikuwa ya wazee na vifurushi. Dirishani alikaa msichana mwenye nywele fupi, kibao cha jina kimeandikwa Skola.

"Kamwene, baba," alimsalimu kwa Kihehe.

Kastori alisogeza uso dirishani. "Umesemaje? Wewe ni wa Iringa?"

"Kilolo."

"Loo! Serikali imekosa watu mpaka imeajiri watumwa wangu? Haya, pokea barua ya bwana wako, na mikono unawe kwanza."

Macho ya Skola yaliwaka. "Mngoni! Nilikuwa najiuliza harufu hii imeingia na nani. Ndani kuna nini? Natakiwa kujaza."

"Matusi."

"Matusi matupu?"

"Na kifungo kimoja cha koti. Mali ya wizi."

"Naandika 'zawadi,'" alisema Skola. Kisha akapitisha mkono dirishani, akaipokonya kofia ya kijivu kichwani kwa Kastori, akaivaa. "Hii ni ushuru. Mngoni hapiti kwa Wahehe bure."

Foleni ikaangua kicheko. Na Jicho lililokuwa juu ya dirisha likasema kwa adabu: "Mzee mwenye shati la bluu, kofia yako imechukuliwa na mtu mwingine. Je, umeibiwa?"

Tabasamu la Skola likakauka. Mkono ulikwenda kwenye ukingo wa kofia ukabaki hapo. Alikuwa binti mdogo, mwenye kazi ya serikali, na maisha yote ya kusafiri yakiwa mbele yake.

Kastori alilisikia jibu likija lenyewe mpaka ncha ya ulimi, jibu tamu, jibu la Benitho: *Mwizi huyu! Mfungeni, na ugali msimpe!* Foleni nzima ililingoja. Alilimeza. Akaondoka dirishani, akasimama chini ya Jicho, kichwa wazi, akaliangalia.

"Sikuibiwa. Huyu ni mtani wangu."

"Jibu halimo katika yanayokubalika. Tafadhali jibu ndiyo au hapana."

"Hapana. Na hilo neno 'mtani' uliandike pia."

"Jibu halimo—"

"Mtani wake!" alisema mzee mmoja wa kwenye foleni, aliyekuwa amebeba mfuko wa mbegu. "Sote tumeona."

"Mtani!" alisema mama mwingine. Kisha mwingine, na mwingine, foleni nzima, kila mtu kwa sauti yake, na Kastori katikati yao amekunja mikono kifuani.

Jicho lilinyamaza muda mrefu.

"Tukio limefungwa," likasema.

Skola alichukua lakiri, akaiwasha, akadondosha nta nyekundu juu ya mkunjo wa bahasha.

"Kofia sirudishi," alisema.

"Nani kakuomba? Piga muhuri, mtumwa."

Akapiga muhuri kwa nguvu, dirisha likatikisika. Bahasha ikawekwa mdomoni mwa bomba la barua lililokuwa ukutani, upepo ukaivuta, ikaondoka bila viza.